Ushindi ni Mali ya Nani? Tuzo za Michezo ya Video na Ngoma za Mashindano Usukumani

Hakuna jamii ya watu isiyokuwa na michezo, na hakuna mchezo usiokuwa na namna ya kumtambua aliyeuweza. Mcheza bao huwashinda wenzake mpaka akaitwa fundi. Manju akiwateka watazamaji, jina lake huimbwa hata katika vijiji asivyovijua. Mtoto arukaye kamba huhesabiwa kwa sauti na wote waliopo. Utambuzi wa namna hiyo ndio asili ya tuzo, hata kama hapana kikombe wala fedha iliyotolewa. Makala haya yana nia ya kuchunguza aina moja mpya ya tuzo, nayo ni ile itolewayo na mashine katika michezo ya video, ambayo vijana wetu huiita gemu. Tutaitazama kutoka Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, na tutaipima kwa kipimo cha ngoma za mashindano za Wasukuma, ambazo zilikabiliana na shida hiyo hiyo zaidi ya karne moja iliyopita. Swali letu ni moja tu: mchezaji akishinda, ushindi huo ni mali ya nani?

Asili ya tuzo za mashine

Yafaa kwanza ieleweke kwamba tuzo tunazozisema si sawa na kule kushinda mchezo. Kushinda ni sehemu ya mchezo wenyewe: timu imefunga, adui ameanguka, safari imefika mwisho. Tuzo ni alama iliyowekwa juu ya mchezo na kuhifadhiwa nje yake. Mchezaji akitimiza jambo lililopangwa na watengenezaji, pengine kufunga mabao matatu katika mechi moja, pengine kumaliza hatua ngumu bila kujeruhiwa, kijisanduku huchomoza pembeni mwa kioo, mlio husikika, na jina la tuzo huandikwa katika akaunti. Mashine ikisha kuzimwa, tuzo hubaki.

Jambo hili lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Activision ya Marekani iliwapa wachezaji wake viraka vya kitambaa vya kushona kwenye nguo. Katika mchezo uitwao Pitfall!, uliotolewa mwaka 1982, aliyefikisha pointi 20,000 alikipiga picha kioo cha televisheni yake, akaituma kwa posta, akapelekewa kiraka. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Matangazo ya kwanza yalianza mwaka 1994. Kiraka kile, basi, hakikutufikia. Kilichotufikia ni mrithi wake. Mnamo Novemba 2005 kampuni ya Microsoft ilitoa mashine ya Xbox 360, ambamo kila mchezo mkubwa ulitengewa pointi 1,000 za kugawanywa katika tuzo zake. Mwaka 2007 duka la michezo la Steam lilifuata mfano huo, na mwaka 2008 Sony ikaweka katika PlayStation tuzo za madaraja manne: shaba, fedha, dhahabu na platinamu.

Tofauti kati ya kiraka na mrithi wake si ndogo. Kiraka kilihitaji mtu wa kuifungua barua na kuitazama picha, kikihitaji pia macho ya watu wengine, watakaouliza, “Hiki umekipataje?” Tuzo ya mashine haihitaji mtu yeyote. Inajitoa yenyewe, inajiandika yenyewe, na inaweza kukaa miaka mingi bila kutazamwa na kiumbe hai. Ni tuzo isiyo na shahidi.

Ndani ya kibanda

Hebu sasa tuingie katika kibanda cha gemu. Katika mitaa mingi ya Nyamagana vibanda hivi vinafahamika: chumba kimoja, televisheni mbili au tatu, mashine za PlayStation ambazo mara nyingi ni za matoleo ya zamani, benchi la mbao, na feni isiyotosha joto la watu waliomo. Mchezo unaotawala ni wa mpira wa miguu. Mchezaji hulipa shilingi mia kadhaa kwa mechi moja, na sheria inayojulikana na wote ni kwamba mshindi hubaki na pedi mkononi, aliyeshindwa huinuka akampisha mwingine.

Mwandishi wa makala haya amekaa katika mabenchi hayo mara nyingi, na jambo moja limemshangaza kila mara. Kijisanduku cha tuzo kinapochomoza pembeni mwa kioo, hapana anayegeuza shingo. Siku moja kijana mmoja, fundi wa pikipiki aliyeingia na mafuta ya injini bado mikononi, alipewa na mashine tuzo ya fedha. Hakuisoma, nayo ikafifia. Dakika chache baadaye kijana huyo huyo alisawazisha bao katika dakika ya mwisho kwa mpira uliopigwa kutoka mbali. Benchi zima lilisimama. Mtu mmoja aligonga ukuta wa bati. Siku ya tatu yake mwandishi alilisikia bao hilo likisimuliwa kwenye banda la chipsi, nalo lilikuwa limekwisha kuongezewa mita kumi.

Kwa nini tuzo ya mashine idharauliwe na bao moja lisimuliwe? Jibu la kwanza limo katika akaunti. Tuzo huandikwa kwa jina la akaunti iliyofunguliwa katika mashine, na akaunti ya kibandani ni ya mwenye kibanda. Vijana mia moja wakicheza mwaka mzima, jasho lao lote hukusanyika chini ya jina moja, jina la mtu ambaye pengine hajapata kuishika pedi. Kazi ni ya wengi, sifa ni ya mmoja. Mwenye kibanda hakufanya hila yoyote. Wala yeye mwenyewe hana habari na mali hiyo. Ni muundo wa mashine uliodhani kwamba kila mchezaji duniani ana mashine yake, sebule yake na akaunti yake. Mahali ambapo kitu kinatumiwa na wengi, muundo huo hauna macho ya kuwaona watu.

Faida zisizopaswa kukanushwa

Walakini, mhakiki asiwe mwepesi wa kutupa. Tuzo za mashine zina faida, na faida hizo ni za kweli kwa yule mwenye akaunti yake.

Kwanza, tuzo ni mwalimu. Mchezo mkubwa wa leo una pembe nyingi ambazo mchezaji angezipita bila kuziona. Tuzo humwambia: jaribu njia ile, tumia silaha usiyoipenda, cheza na timu dhaifu. Kwa namna hii humwonyesha upana wa kazi ya sanaa iliyo mbele yake, kama vile mwalimu wa fasihi amwonyeshavyo mwanafunzi beti alizozisoma upesi mno. Mchezo wa jadi nao haukukosa madaraja. Isolo, ambao ni ndugu wa bao katika Usukuma, una namna zake nyepesi za kumlea anayejifunza, na namna ngumu za wazoefu.

Pili, tuzo ni kumbukumbu iliyo sahihi. Benchi huongeza mita kumi. Mashine haiongezi hata moja. Kijana mnyonge asiye na marafiki wa kumsifu, au binti ambaye kibandani hapewi nafasi ya kukaa, akicheza kwa akaunti yake hupewa na mashine kile kile anachopewa mwenye sauti kubwa. Mashine haijui ukoo, wala jinsia, wala deni la mtu. Usawa huo si jambo dogo.

Tatu, katika michezo mingi mfumo wa tuzo huonyesha ni wachezaji wangapi katika mia walioipata tuzo fulani. Takwimu hizo huwafunza watengenezaji mahali watu wanapochoka na kuiacha kazi yao, na humfunza mhakiki kwamba sehemu kubwa ya wale wanaoianza hadithi hawaimalizi. Mwandishi wa riwaya hana njia ya kuujua ukurasa ambapo msomaji wake alisinzia.

Hasara zake

Tukigeuka upande wa pili, hasara ya kwanza ni kwamba tuzo, ambayo ilikuja kuwa shahidi wa mchezo, huweza kugeuka kuwa bwana wake. Jambo hili lilichunguzwa kisayansi kabla michezo ya video haijaenea. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa shule ya chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe kama likichora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho bila kuahidiwa kabla. Kundi la tatu halikupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, watoto walioahidiwa cheti walizigusa kidogo kuliko makundi mengine mawili. Cheti kilikuwa kimewafundisha kwamba kuchora ni kazi ya kupata cheti. Wale waliopewa bila kutarajia hawakudhurika. Somo lake, basi, si kwamba tuzo ni sumu. Inayodhuru ni ahadi ya tuzo inayotangulia na kuchukua mahali pa mapenzi.

Hasara ya pili ni kwamba tuzo isiyo na shahidi hushuka thamani upesi. Mwaka 2016 ulitolewa mchezo uitwao My Name is Mayo, ambamo kazi ya mchezaji ni kubonyeza chupa ya mayonezi. Akiibonyeza mara 10,000, hupewa platinamu, daraja lile lile analopewa aliyehangaika miezi mingi na mchezo mgumu. Watu waliununua, na wapo walioununua kwa sababu hiyo tu. Hapo tuzo imeachana na ustadi kabisa, imekuwa sarafu ambayo kila mtu anaweza kuichapisha nyumbani kwake. Watengenezaji wengine waliona upungufu huu wakaufanyia mzaha: katika The Stanley Parable, mchezo uliotolewa mwaka 2013, imo tuzo inayomtaka mchezaji asiuguse mchezo huo kwa miaka mitano. Mzaha huo ni uhakiki ulio makini. Unatuuliza kama tunacheza, au tunatumikia.

Hasara ya tatu ni kwamba tuzo ya mashine haizeeki. Aliyeipata mwaka 2009 anayo mpaka leo, hata kama vidole vyake vimesahau kila kitu. Haimdai chochote. Tutaona punde kwamba ngoma zetu zilikuwa na hekima nyingine katika jambo hili.

Kipimo cha Bagika na Bagalu

Katika karne ya kumi na tisa jamii ya Wasukuma ilipata vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Jina la kwanza limetokana na Ngika, na chama cha pili kilianzishwa na Gumha, mshindani wake. Wote wawili walikuwa wacheza ngoma na waganga. Tangu hapo, baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, makundi ya pande hizo mbili yamekuwa yakipambana. Namna ya kumpata mshindi ni ya ajabu kwa urahisi wake. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huwa huru kwenda wanakotaka. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Ushindani wa namna hii unajulikana hata leo katika sherehe ya Bulabo, inayofanyika kila mwaka katika mwezi wa Juni huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Sherehe hiyo ilipata mahali pake pale kwa juhudi za Padre David Clement kutoka Kanada, aliyekianzisha pia kituo chenye makumbusho ya Wasukuma.

Hapa tuzo na shahidi ni kitu kimoja. Mtazamaji hapigi kura baada ya ngoma. Miguu yake ndiyo kura. Ushindi haukai katika daftari la mtu, bali katika vumbi la uwanja mzima. Tena ushindi huo huisha. Kiangazi kijacho manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hana budi kutunga upya, kwa maana nyimbo za mwaka jana zimekwisha kujulikana na hazimwondoi mtu upande wa pili. Aliyeshindwa ana mwaka mzima wa kujifua. Kwa hiyo tuzo ya ngoma humdai mshindi zaidi ya inavyomdai aliyeshindwa.

Lakini tusiipambe jadi kupita kiasi. Tuzo ya umati nayo ina ugonjwa wake. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni watu, makundi yalianza kutafuta watu kwa kila njia. Wapo waliocheza na chatu, wapo walioleta fisi, wapo waliochonga sanamu za kuchezesha, na imani ya dawa za kuvuta watazamaji, pamoja na dawa za kumharibia mpinzani, iliota mizizi. Baadhi ya vituko hivyo vilizaa sanaa mpya. Ngoma ya nyoka leo ni fahari ya Usukuma. Vingine viliizidi ngoma nguvu, mtu akaenda kumtazama mnyama na kumsahau mwimbaji. Huu ni ugonjwa ule ule wa chupa ya mayonezi: mchezaji ameacha kuutumikia mchezo, anaitumikia hesabu.

Kuna, hata hivyo, ngoma ya tatu inayotufaa katika mizani hii, nayo ni bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni vikundi vya kulima kwa pamoja, ambamo mpigo wa ngoma uliongoza mpigo wa jembe. Mkulima hodari alionekana na wenzake na akasifiwa katika wimbo. Lakini alipomaliza, lilikuwapo pia shamba lililolimwa. Shamba lilikuwa shahidi asiyeweza kuhongwa kwa fisi wala kwa dawa. Sifa ya watu na ushahidi wa kazi vilikwenda bega kwa bega, kila kimoja kikimsahihisha mwenzake.

Hukumu yetu

Tukirudi sasa kibandani, tunaweza kusema kwa uwazi zaidi kinachokosekana. Mashine ina ushahidi bila watu: inajua kilichotendeka kwa usahihi, wala haijui kilitendwa na nani. Benchi lina watu bila ushahidi: linamjua fundi wa pikipiki kwa jina, ila husahau, huongeza, na humpendelea mwenye kelele. Kila upande una nusu ya tuzo.

Wapo wazee wetu wanaoviona vibanda hivi kuwa ni upotevu wa muda na wa fedha, nao wana sababu. Wapo watoto wanaokwenda huko saa za masomo, na zipo mechi zinazochezwa kwa kuwekeana fedha, ambapo ushindi hauhitaji tena sifa wala ustadi, bali noti mezani. Hiyo ni tuzo iliyooza kuliko zote, na mwenye kibanda anayeiruhusu anastahili lawama. Hata hivyo, kulaumu peke yake hakutoshi. Wengi wa waliokaa katika lile benchi ni vijana ambao mitihani iliwaacha njiani. Hawana cheti cha kutundika ukutani. Sauti iliyowasifu kwa bao la dakika ya mwisho pengine ndiyo sauti pekee iliyowasifu mwezi huo kwa jambo walilolifanya vizuri. Jamii inayowanyang'anya sauti hiyo lazima iseme itawapa nini badala yake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Watengenezaji wa michezo katika nchi zetu, ambao idadi yao inakua, wasiinakili mifumo ya tuzo kama ilivyo. Mchezo utakaochezwa na watu wengi kwa mashine moja uweze kumwuliza kila anayeishika pedi jina lake, na umtunzie sifa yake hata akihamia kibanda kingine. Tuzo ziwe chache, na baadhi yake zije bila kuahidiwa, ili mapenzi ya mchezo yasigeuzwe kibarua. Zaidi ya hayo, ziwepo tuzo zinazokwisha, ambazo bingwa atatakiwa kuzitetea msimu hata msimu, kama Bagika na Bagalu. Maofisa utamaduni nao wasione haya kuviingia vibanda hivyo. Mashindano ya wazi yenye waamuzi, yasiyo na fedha mezani, yangewapa vijana uwanja ulio mpana kuliko chumba kimoja.

Wala si lazima tungoje mashine mpya. Katika kibanda kimoja cha Nyamagana mwandishi alikuta kipande cha katoni kimegongomewa ukutani kwa misumari miwili. Juu yake yaliandikwa kwa wino mzito majina matano, na mbele ya kila jina idadi ya mechi zilizoshindwa mfululizo. Mwenye kibanda alieleza kwamba hugeuza katoni kila Jumatatu, na kwamba hakuna jina linaloandikwa bila watu wawili wa benchini kukubali. Katoni ile ilikuwa na usahihi wa hesabu, ilikuwa na mashahidi, na kila wiki ilikuwa inakwisha. Ndani ya mashine iliyokuwa chini yake zilikuwamo tuzo nyingi za shaba na fedha, zote kwa jina la mwenye kibanda. Jina lake halikuwamo katika katoni, naye hakuonyesha kusikitika.